Kinanda ya Mugutha

Njuguna,

Mama yako alikufa Alhamisi asubuhi. Wewe ulikuwa umeshatoka kwenda kazi. Alikuwa amekaa kwa kitanda, nikampelekea chai, akasema "weka hapo." Nikaweka. Nikainama kutafuta kiatu, na nikiinuka hakuna mtu. Chai ilikuwa bado inatoa moshi. Ni hivyo tu. Watu wa matanga waliongeza yao, ati aliimba, ati aliacha maneno. Hakuimba. Alisema "weka hapo."

Saa hii umeenda kuaga vijana wenzako hapa mtaani Landless, na mimi nimekaa kwa meza na karatasi. Kesho unaenda Lodwar kufunga sola. Mambo ya kula na kufua siandiki. Wewe ni mtu mzima, na hayo mama yako alikufundisha vizuri kuliko mimi. Naandika kwa sababu nikijaribu kuongea na wewe naanza kupiga kelele. Mdomo wangu umezoea timbo. Huko kwa kuchimba mawe ukiongea pole pole mtu ataangukiwa.

Kuna kitu umebeba na si yako. Nataka uiache hapa kabla hujapanda gari.

Unafikiri ni wewe ulifanya mama yako aibiwe ile pesa ya kinanda. Hujawahi kusema, lakini nimekuona. Tangu siku ile hujashika karing'aring'a, ile chuma ya kugonga ya guka, babu yako. Iko pale kwa msumari na wewe hupita ukiangalia ukuta mwingine. Na siku ya kuzika ulisimama nyuma kabisa, nyuma ya watu wa kanisa, kama mtu hajaalikwa.

Si wewe. Wacha nieleze vizuri, maana kuna mahali hukuwa.

Baba ya mama yako alikuwa anapiga kinanda ya mkono, ile ya kuvuta na kusukuma, kwa harusi huko Murang'a, watu wakicheza mwomboko mpaka soli zinatoka. Mama yako alijifunza akiwa kasichana, kwa kujificha, kwa sababu ilisemwa hiyo si kitu ya msichana. Siku moja guka akampata nyuma ya ghala ya mahindi. Hakumchapa. Alichukua karing'aring'a, hiyo chuma ya mviringo, akaanza kumgongea mdundo. Hiyo hadithi nimeisikia mpaka naweza kuisema nikiwa nimelala. Guka akafa, kinanda ikaliwa na panya kwa mjomba, na mama yako akaolewa na mtu wa mawe.

Ndugu yako Mwangi alipewa jina la baba yangu. Wewe ulipozaliwa ilikuwa zamu ya upande wake, ukapewa la guka. Kutoka siku hiyo mama yako hakukuita Njuguna. Alikuita baba. Hata akikufuata na mwiko mkononi: "Baba, kwani sukari yote imeenda wapi?" Majirani walikuwa wanacheka. Mimi pia.

Halafu akagonjeka. Daktari akasema moyo wake umekuwa mkubwa. Mimi nikafikiri ni jambo nzuri. Akanieleza: umevimba, umechoka. Asibebe maji, asilime. Akakaa ndani. Uliona vile vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya blanketi. Alikuwa anapiga kinanda yenye haiko.

Ukamtafutia. Ulifanya vizuri. Naandika tena: ulifanya vizuri. Ukapata ile duka kwa simu, picha zinang'aa, bei ni ya ofa, na watu wameandika huko chini "nimepokea yangu, Mungu awabariki." Ukampatia mama yako simu, ukachukua mtungi ukaenda kwa maji.

Hapo ndipo hukuwa.

Alimpigia yule mwenye duka. Kijana wa sauti tamu, anamwita "mum", anamwuliza kama amekula. Mama yako akamwambia, "Kijana yangu, ipige kidogo nisikie." Akasema yuko kwa mkutano. Akamwambia, "Basi nitume mtu aje aione." Akasema stoo huingiwa na wafanyakazi peke yao, na ofa inaisha saa sita. Mama yako akaweka simu juu ya blanketi. Akaniambia, "Baba Mwangi, huyu mtu hataki nisikie."

Alikuwa ameshajua. Mgonjwa, kwa kitanda, alikuwa amejua.

Mimi ndio nilichukua simu. Nilikuwa nimechelewa kazi na nilitaka hiyo maneno iishe. Nikaweka namba. Unajua kabla pesa haijaenda simu inakuonyesha jina ya mwenye kupokea. Jina ikatokea. Njuguna. Nikamwonyesha. Nikamwambia, "Si huyu ni baba yako? Unataka nini tena?"

Aliangalia. Akacheka ile kicheko yake ndogo ya kifua kikiuma. "Haya. Kama ni baba."

Nikabonyeza.

Hiyo jina imewekwa hapo ndio mtu afungue macho. Mimi nikaitumia kumfunga macho mama yako. Akina Njuguna ni wangapi hapa Thika? Rusha jiwe sokoni, utagonga wawili. Lakini kwetu mtu hufa akarudi kwa mjukuu, na mtoto wa mtu hawezi kubishana na baba yake. Nilijua hivyo. Ndio maana nilimwonyesha. Kila jiwe pale timbo naligonga kwanza na nyundo, nasikiza, kwa sababu yenye ufa hulia vibaya. Siku hiyo mama yako alikuwa amegonga, amesikia ufa, na mimi nikamwambia amesikia vibaya.

Yule mtu aliomba pesa ingine ya kusafirisha. Hiyo pia nilituma, nikiwa kazini. Kutoka hapo simu yake ikawa mteja, haipatikani tena.

Jioni ukarudi kutoka kazi. Ulikuwa unavua viatu pale mlangoni, na mimi nikasema kwa nguvu, majirani wote wasikie, "Ni huyu na simu yake!" Ulikuwa umevua kiatu kimoja. Ukabaki hivyo. Mama yako akasema, "Baba Mwangi." Alikuwa ananingoja niseme yenye ilitokea. Nikatoka nje.

Alikungoja pia wewe umwulize. Hukumwuliza. Uliamini mimi.

Na si hapo tu. Timbo walijua. Otieno, yule tunashika naye msumeno, akanipa jina. "Mzee wa kinanda! Leo unatupigia gani?" Wanachukua nyundo wanagonga mawe, wananichezea. Hata msimamizi. Ningenyamaza ingeisha. Lakini niliwaambia, "Si mimi, ni kijana yangu aliniingiza." Otieno akasema, "Basi wewe ni mzee wa kuongozwa na mtoto?" Wakacheka zaidi. Kwa hivyo nilikuuza na sikupata hata faida.

Hiyo ni ya kwanza. Sasa kuna ya pili, na hii hujawahi kuisikia kabisa.

Mama yako alitafuta tena. Peke yake, na ile simu yake ya kioo kimepasuka. Akapata mwanamke anaitwa Mwende, yuko Mugutha, pale Ruiru. Anatengeneza vinanda na gita za makwaya, zingine anauza. Hana duka ya barabarani. Ni chumba cha nyuma kwa nyumba yake. Picha zake mbaya, unaona mpaka sufuria huko nyuma.

Mama yako akaniambia, "Nimepata mtu." Nikamwambia, "Umepata mwizi."

"Nimemwuliza kinanda ina ubovu gani."

"Akasema?"

"Akasema kitufe kimoja kinakwama, na mkanda wa kuvaa begani umechoka. Mwizi hawezi kukuambia ubovu, Baba Mwangi. Yule mwingine yake haikuwa na ubovu hata mmoja."

Nikamwambia hao wamejifunza ujanja mpya.

Akanionyesha video. Mwende ameshika kinanda, anasema, "Hii ni ya Mama Mwangi wa Thika, na leo hapa kwetu kumenyesha," na unaona matope mlangoni. Kweli siku hiyo ilikuwa imenyesha. Mama yako ndiye alimwambia aseme hivyo, ndio ajue si picha ya kuokota. Halafu Mwende akavuta kinanda akapiga. Kitufe kimoja kikakwama, kama vile alisema. Mama yako akanitazama. Nikasema hata wezi hunyeshewa.

Na Mwende hakutaka pesa. Sikiza hiyo. Alisema usitume kitu, kuja kwanza uone, au tuma mtu wako. Mama yako hangeweza kusafiri. Mtu wake ni mimi.

"Enda tu uangalie," akasema. "Ruiru si Ulaya."

"Jumapili," nikamwambia.

Jumapili ikafika nikasema nimechoka. Ingine nikasema kuna mvua. Ingine sikusema kitu, nikaenda kuangalia watu wakicheza drafti. Nilikuwa naogopa, Njuguna. Si kuibiwa. Naogopa niende, nipate ukuta mtupu, nirudi Otieno anicheke mara ya pili. Ni hiyo tu. Nilipima aibu yangu na mama yako, na aibu ikawa nzito.

Akasema, "Basi wacha baba aende." Baba ni wewe. Nikamwambia, "Huyo asitumwe tena kitu ya kinanda. Na usimwambie, ataharibu." Ndio maana hukujua. Ungejua ungeenda hata kwa miguu, na mimi nilijua ungeenda, na ukienda ukirudi nayo kila mtu ataona nani ndiye mjinga kwa hii nyumba.

Hakunisumbua tena. Nilifikiri amesahau. Alikuwa anageukia ukuta na simu, ananong'ona, na mimi nilidhani ni maombi.

Tulipomaliza kuzika, ile simu yake ikalia. Ilikuwa juu ya kabati, hakuna mtu amekumbuka kuizima. Nikashika. Sauti ya mwanamke: "Mama Mwangi, umenyamaza sana! Kile kitufe nimetengeneza. Kinanda bado nimekuwekea. Huyo mzee wa Jumapili amepatikana ama bado?"

Nikakata.

Siku ya pili nikaenda. Njuguna, ni karibu. Sijui nikuandikie vipi vile ni karibu. Nilikuwa nimejiandaa na safari, na kabla sijapanga maneno kichwani nikaambiwa shuka, Ruiru hii. Bodaboda akanipeleka mpaka geti ya bluu bila kuuliza mtu. Ni hiyo safari ilinishinda mimi, mume wa mama yako, hizo Jumapili zote.

Mwende ni Mkamba, mnene, wa umri kama wa shangazi yako. Alinifungulia na gundi vidoleni. Nikasema, "Mimi ni Baba Mwangi." Akacheka mpaka akashika mlango. "Ngai! Mzee wa Jumapili! Mimi nilishaamua huko hakuna mzee, mama anajitungia tu. Yuko wapi, umemwacha kwa gari? Mlete ndani, kuna chai."

Nikamwambia amekufa.

Akanitazama kama naweza kusema nilikuwa natania. Halafu akatoa kiti, akapanguza na kanga yake, akaniambia kaa.

Hakunilaumu. Ningetaka anilaumu. Alichukua simu akanifungulia sauti za mama yako, zile alikuwa anamtumia. Ziko nyingi. Zile nilidhani ni maombi. Mama yako alikuwa anamwimbia Mwende wimbo wa guka, ile aligongewa nyuma ya ghala, kipande kwa kipande, na Mwende anaupiga huko Mugutha, anamrudishia asikie. "Hapana, mkono wa kushoto unachelewa. Baba yangu angekuchapa." Halafu anacheka. Anapumua kwanza, unasikia akitafuta pumzi, halafu anaimba tena. Alikuwa anafundisha mtu hajawahi kukutana naye, kwa simu, kwa kitanda, na mimi niko hapo hapo natafuta kiatu.

Na kuna moja anasema habari yako. Mwende amemwuliza hii kinanda utaipigia nani. Anasema: "Nina baba hapa nyumbani anajua kugonga chuma. Amekasirika kidogo. Nikiipata atagonga tu, hataweza kuvumilia."

Hiyo ndio alisema juu yako. Hakuna siku alifikiri ni wewe. Alijua ni nani, na alikuwa anaishi na yeye.

Mwende akasema, "Wacha nikupigie huo wimbo." Akavaa kinanda. Kabla hajabonyeza kitu aliivuta tu ifunguke, na ikavuta hewa. Haaa. Polepole, na kitu kinakwaruza ndani. Njuguna, ilikuwa ni yeye. Ilikuwa ni mama yako usiku akitafuta upande wa kulalia. Mwende akaanza kupiga. Nilitoka nje kabla hajafika katikati. Nikapita hiyo geti ya bluu, nikasimama mbali nisisikie, mpaka akaja kuniita.

Nimelipia. Mkononi, nikiwa nimeiona, nikiwa nimeisikia, vile mama yako alisema ifanywe tangu mwanzo. Usiulize na pesa gani. Lakini sikuibeba. Siwezi kukaa na kitu inapumua hivyo hapa ndani. Nilimwambia Mwende kijana wangu atakuja, na akikataa aipatie mtu mwingine.

Huko Lodwar utatafuta vitu kwa simu, hiyo siwezi kukuzuia. Sina mengi ya kukufundisha. Nimetuma pesa nikiambiwa ngoja, na nimekaa nikiambiwa enda. Mara zote mbili alikuwa ni mtu mmoja ananiambia, na alikuwa na akili kuniliko, na nilimwona ni mgonjwa tu. Wewe ukiwa na mtu kama huyo, mwenye anasikia ufa, mwache asikie. Na mahali panafikika, fika.

Mwangi nimemwambia yote hii. Majirani nitawaambia Jumapili, pale pale mlangoni, kwa sauti ile ile. Na Otieno.

Usiniambie umenisamehe. Ukisema hivyo nitaanza kujisikia vizuri, na bado ni mapema.

Karing'aring'a nimeitoa kwa msumari. Nimeifunga kwa ile kanga yake ya kijani, iko ndani ya begi yako, chini ya viatu. Gari yako ya Lodwar inatoka Nairobi jioni, na lazima upitie Ruiru. Shuka. Chukua boda, sema Mugutha, geti ya bluu, kwa Mwende wa vinanda. Usiamini hii barua. Ona na macho yako. Mwambie aipige kwanza, ule wimbo wa guka. Itapumua, jua hivyo, usishtuke. Kama mkono utataka kugonga, gonga. Kama hautaki, kaa tu. Lakini usitoke nje kama mimi. Kaa mpaka mwisho, halafu uamue kama utaibeba.

Huo wimbo unaisha vipi sijui. Na siwezi kwenda na wewe kuusikia. Msimamizi amesema siku zangu za matanga zimeisha, na kesho narudi kazi.

Baba yako